Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Asur, Maelfi wa Ulthuan, na Kwa Nini Wanaisha

Maswali ya Asur ni yaleyale kila siku, anayeanza anauliza, wiki ijayo mwingine anauliza hilohilo. Nimeyakusanya hapa, yale ya mwanzo mwanzo kwanza, alafu tunashuka mpaka yale ya kubishana hadi alfajiri. Jibu likishatolewa sehemu moja nakuelekeza huko, sirudii. Spoila zipo, hasa sehemu ya mwisho, usije ukanilaumu.

## Ya mwanzo kabisa

Asur ni nani?

Ni maelfi (kwa Kiingereza elves, mmoja ni elfi) wa kisiwa cha Ulthuan katika ulimwengu wa Warhammer, lile gemu la mezani la kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ambalo toleo la kwanza lilitoka 1983. Asur ndo jina wanalojiita wenyewe. Ni warefu, wembamba, wanaishi karne kwa karne, na kwenye uchawi hakuna wa kusimama nao isipokuwa slann, wale vyura wanene wa Lustria wanaobebwa kwenye viti, na hao slann nao wanapungua lakini hiyo ni stori nyingine.

Kitu cha kushika tangu mwanzo: ukikutana nao kwenye stori, siku zao nzuri zimeshapita. Kila kilicho kikubwa kwao, mnara, taji, silaha, mji, kilitengenezwa na mtu aliyekufa zamani sana. Wanaoishi leo kazi yao ni kulinda na kuziba nyufa.

Mbona unaandika "maelfi" na sio "maelfu"?

Kwa sababu nikiandika "maelfu wamepungua" utadhani naongelea hela.

Ulthuan ikoje?

Chora pete kubwa ya ardhi katikati ya bahari. Ndani ya pete kuna Bahari ya Ndani, na juu ya pete yenyewe umepita mlolongo wa milima ya Annulii unaoigawa ardhi sehemu mbili. Falme zinazotazama ndani ni Eataine, Ellyrion, Avelorn na Saphery, hizo ndo zina hali ya hewa tamu na maisha ya raha. Zinazotazama nje ni Caledor, Tiranoc, Nagarythe, Chrace, Cothique na Yvresse, na hizo ndo zinakula kipigo kila adui anaposhuka kwenye merikebu. Jumla kumi. Mlango wa kuingilia Bahari ya Ndani ni mji wa Lothern, upo Eataine.

Milima ya Annulii usiichukulie poa. Uchawi mbichi unapita mle kama maji kwenye mfereji, kwa hiyo imejaa viumbe vya ajabu. Sababu ya uchawi kupita mle ipo kwenye sehemu ya Kimbunga.

Asur, Druchii na Asrai, ni watu watatu tofauti?

Hapana, ni damu moja iliyogawanyika mara mbili. Druchii ni wale waliomfuata Malekith, mtoto wa mfalme wa kwanza Aenarion, alipopigania kiti cha baba yake, wakaishia Naggaroth, kule kwenye baridi, wanaishi kwa kuteka watumwa. Asrai ni wale waliobaki msitu wa Athel Loren wakati Asur walipokuwa wanafungasha kurudi kisiwani baada ya vita na vibete (angalia swali la ndevu huko chini). Kwa hiyo mtu akikwambia maelfi ni wengi tu, mwambie ndio, ila theluthi moja wanataka kuwaua wengine na theluthi nyingine hawataki hata kusalimiwa. Hizo theluthi ni za mdomo tu, msizipige hesabu.

Nani anatawala?

Wawili. Mfalme Feniksi anachaguliwa na wakuu wa falme, alafu anapita ndani ya Moto wa Asuryan, mungu wao mkubwa, akitoka mzima basi ni mfalme. Malkia wa Milele anakaa Avelorn, huyo hachaguliwi, ni mama kwa binti. Mfalme mpya anaishi na Malkia mwaka mmoja ili apatikane mrithi wa kike, baada ya hapo kila mtu anarudi kwenye mambo yake. Ndoa ya mkataba kabisa.

Wafalme hadi Finubar ni kumi na moja: Aenarion, Bel Shanaar, Caledor wa Kwanza, Caledor wa Pili, Caradryel, Tethlis, Bel-Korhadris, Aethis, Morvael, Bel-Hathor, na Finubar mwenyewe. Kumi na moja kwa maelfu ya miaka.

## Uchawi wao

Uchawi wa dunia ile unatoka wapi?

Zamani sana walikuja viumbe wanaoitwa Wakale, wakaipanga dunia, wakawalea maelfi na wengineo, na walikuwa wanasafiri kupitia malango mawili, moja ncha ya kaskazini na jingine ncha ya kusini. Malango yakaporomoka. Pale yalipopasuka uchawi ghafi ukaanza kumwagika duniani na mashetani wa Chaos, nguvu za uharibifu, wakaingia nao.

Uchawi ukishaingia unachambuka kuwa Pepo Nane, yaani upepo wa aina nane, sio pepo wa mashetani: Hysh ya mwanga, Chamon ya metali, Ghyran ya uhai, Azyr ya mbingu, Ulgu ya vivuli, Shyish ya mauti, Aqshy ya moto na Ghur ya wanyama. Kila moja ina rangi yake kwa wenye jicho la kuona.

Kwa nini mchawi wa kibinadamu anatumia pepo moja tu na Asur anatumia zote?

Kwa sababu Teclis alisema hivyo, na alikuwa na sababu.

Teclis ndo mchawi mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, mgonjwa mgonjwa tangu kuzaliwa, anatembea kwa nguvu ya dawa anazokunywa. Wakati wa Vita Kuu dhidi ya Chaos, Dola ya wanadamu ikiwa inakaribia kuzama, alivuka bahari na wenzake wawili, Finreir na Yrtle, kumsaidia Magnus aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Dola. Mpaka hapo wanadamu walikuwa wanawachoma moto wachawi wao. Teclis akakaa nao, akafundisha, na mwaka 2304 kwa kalenda ya Dola vikaanzishwa Vyuo vya Uchawi pale Altdorf, vinane, kimoja kwa kila pepo.

Aliona akili ya mwanadamu ikichanganya pepo mbili tatu inaelekea kuharibika, na maisha yetu ni mafupi mno kujifunza zaidi ya moja kwa usalama. Elfi ana karne za kufanya mazoezi. Wengine wanasema alikuwa anawabania wanadamu makusudi wasije wakawa tishio. Mimi siamini, lakini najua kwa nini mtu angefikiri hivyo, Asur hawajawahi kutoa kitu bila kukutazama kutoka juu.

Qhaysh na Dhar zinatofautiana vipi, si zote ni kuchanganya pepo?

Ndio zote ni kuchanganya, tofauti ipo kwenye mkono. Chukua nyuzi nane za rangi nane. Mtu wa kwanza anakaa chini, anazisuka moja juu moja chini, anavuta taratibu, hakuna uzi unaokatika, na kitu kinachotoka kina rangi zote na bado kila rangi unaiona. Hiyo ni Qhaysh, uchawi wa juu, na ndo fahari ya Asur. Mtu wa pili anazikunja zote kwa ngumi, anazikandamiza mpaka zinakuwa donge jeusi. Hiyo ni Dhar. Ni haraka, ina nguvu, na inamuoza anayeitumia pamoja na mahali alipoitumia.

Druchii wanapenda Dhar kwa sababu hiyo ya haraka. Aliyewafungulia mlango ni Morathi, mama yake Malekith.

Mnara wa Hoeth ni nini?

Chuo chao, upo Saphery, mnara mweupe mwembamba kama sindano unaopaa kuliko jengo lolote. Aliyeujenga ni Bel-Korhadris, mfalme msomi. Umezungukwa na viini macho, kwa hiyo ukiutafuta kwa nia mbaya unatembea siku nzima unajikuta ulipoanzia, anayefika ni yule anayetaka maarifa kweli.

Wanaoulinda ni Mabingwa wa Upanga wa Hoeth, watu ambao walikuja kutafuta hekima wakaipata kwenye upanga badala ya vitabu. Panga zao ni ndefu karibu sawa na mtu, na wanazizungusha kana kwamba wameshika fimbo ya mwanzi.

## Kimbunga

Kimbunga Kikuu ni nini hasa?

Hili ndo swali lenyewe, ukilielewa hili mengine yote yanajipanga.

Mashetani walipomwagika duniani maelfi hawakuwa watu wa vita. Aenarion akaenda kwenye madhabahu ya Asuryan, akatoa sadaka, akaomba, kimya. Mwisho akajitupa yeye mwenyewe ndani ya moto. Akapita, akatoka hai, akawa Mfalme Feniksi wa kwanza, na vita vikageuka. Ila tatizo likawa moja: unaua mashetani mia leo, kesho wanakuja elfu, kwa sababu uchawi unaowaleta bado unamwagika. Ni kama unapiga deki na bomba bado limepasuka.

Aliyeliona hilo ni Caledor, yule mfuga majoka, mchawi mkuu wa zama zile (usimchanganye na wale wafalme wawili wa jina hilo). Wazo lake lilikuwa kutengeneza tundu la kunyonya: mawe ya nguvu yapandwe kila mahali, yavute uchawi unaozidi, yauelekeze Ulthuan, upite kwenye milima ya Annulii, uingie kwenye kimbunga katikati ya kisiwa, na kimbunga kiutupe nje ya dunia. Aenarion alikataa mwanzoni, aliona ni kamari. Alafu zikaja habari za Avelorn, kwamba mkewe Astarielle ameuawa na watoto wake hawaonekani. Hasira ikampeleka Kisiwa cha Giza, kule uliko Upanga wa Khaine mungu wa mauaji, akauchomoa ingawa kila mtu, hata joka lake Indraugnir, alijaribu kumzuia.

Siku ya tambiko Caledor na wachawi wake walisimama Kisiwa cha Wafu wakaanza kuimba, Aenarion na jeshi wakawa wanawazuia mashetani wasifike. Wachawi wakawa wanaanguka mmoja mmoja. Kimbunga kikafunguka. Mashetani waliobaki wakaanza kufifia, dunia ikapumua. Aenarion, akiwa na majeraha ya kifo, akaruka na joka lake mpaka Kisiwa cha Giza akaurudisha upanga kwenye jiwe lake, na hapo ndo mwisho wa habari zake.

Caledor alikufa siku ile?

Hapana, na hapo ndo panaponitesa mimi. Yeye na wachawi wenzake walinasa ndani. Wakati umesimama pale, wao bado wanaimba tambiko lilelile, sekunde ileile, maelfu ya miaka. Wakiacha, kimbunga kinafumuka. Kwa hiyo kila asubuhi mtoto wa Saphery anapoamka anaenda kujifunza uchawi, kuna babu zake wako katikati ya kisiwa hawajapumzika tangu kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Kama Kimbunga ni mzigo hivyo kwa nini wasikizime?

Kikizimwa uchawi unarudi kumwagika na mashetani wanarudi nao. Malekith alishajaribu. Alipoona anashindwa vita ya ndugu, yeye na wachawi wake wakaamua kukifungua ili wawe na nguvu za mashetani. Wachawi wa Ulthuan wakapinga, Caledor na wenzake walionasa ndani nao wakapinga, nguvu ikarudi kwa aliyeitupa, na matokeo yake bahari ikameza sehemu kubwa ya Nagarythe na Tiranoc. Ngome za Druchii zikang'oka zikaelea juu ya maji kwa uchawi, ndo hizo Safina Nyeusi wanazotumia mpaka leo kuvamia pwani za watu. Tukio lote linaitwa Mfarakano.

Basi wahame.

Kila mtu anasema hivi. Dunia ni kubwa, kuna mabara, wana merikebu bora kuliko za wengine wote, na kisiwa chao kila baada ya karne kinavamiwa. Lakini mawe ya nguvu yanahitaji uangalizi, yakichoka au yakiibiwa Kimbunga kinayumba, na hakuna jamii nyingine inayoweza kuyatunza wala ambayo Asur wangeiamini kuyagusa. Wakiondoka leo wamewaua hata wale ambao hawajui kama Kimbunga kipo, yaani wanadamu, vibete, wote. Kwa hiyo wanakaa. Kile walichokifanya kuiokoa dunia ndo kimewafunga pale pale ambapo kila adui anajua pa kuwakuta.

## Kupungua kwao

Wana uchawi wote huo, kwa nini wanaisha?

Kwa sababu uchawi hauzai watoto. Elfi anaishi miaka mingi sana ila wanazaa kwa nadra, kwa hiyo mwanadamu akipoteza jeshi, baada ya miaka ishirini ana jeshi jingine, Asur akipoteza jeshi ile nafasi inabaki wazi kwa karne. Ndo maana mijini kwao kuna majumba mazuri ya marumaru ambayo hayana mtu.

Juu ya hilo weka vita. Vita vya mashetani, alafu Mfarakano ambao ndo mbaya kuliko vyote kwa sababu aliyekuwa anakufa pande zote mbili ni elfi, alafu vita na vibete, alafu Druchii wanaorudi kila mara maana wanajua njia za nyumbani.

Na juu ya vita weka tabia. Mfalme Aethis alikuwa mshairi, chini yake sanaa ilichanua, majumba ya maigizo, mashairi, na jeshi likawa linapungua taratibu huku watu wanapiga makofi. Akaja kuuawa na mtu wake wa karibu kabisa, kiongozi wa wapelelezi wake, aliyekuwa anawafanyia kazi Druchii. Aliyemfuata, Morvael, akataka kuonyesha ubabe akatuma jeshi kushambulia Naggaroth moja kwa moja. Likamalizwa. Naggaroth wakajibu kwa kuvamia kisiwa, na Morvael akawa halali usingizi kwa jinamizi, mpaka mwisho akaachia taji na kuingia motoni mwenyewe.

Vita vya Ndevu, ni kweli walipigana kwa sababu ya ndevu?

Ndevu ilikuwa ni tone la mwisho. Maelfi na vibete walikuwa marafiki na washirika wa biashara kwa muda mrefu. Malekith akatuma watu wake, wakiwa wamejifanya Asur, wakavamia misafara ya vibete. Gotrek Starbreaker, mfalme mkuu wa vibete, hakukurupuka, alituma mabalozi Ulthuan kudai fidia. Huku kwenye kiti alikuwa amekaa Caledor wa Pili, kijana anayejiona, akasema mfalme hadaiwi, anaombwa. Mabalozi walipokuja tena akaamuru wanyolewe ndevu wakarudishwa hivyo.

Kwa kibete ndevu ni umri wake, heshima yake na ukoo wake. Hakuna fidia ya hicho kitu. Vita vikaenda karne kadhaa, Caledor akamuua Snorri mtoto wa Gotrek, na mwisho chini ya kuta za Tor Alessi, mji wa koloni la Asur, Gotrek akamuua Caledor akachukua Taji la Feniksi kama malipo ya deni. Lile taji lipo Karaz-a-Karak, mji mkuu wa vibete, hadi leo, Asur walitengeneza jingine. Makoloni yote ya Dunia ya Kale, bara la vibete na wanadamu, yakaachwa. Hapo ndo walipopoteza nusu ya ukubwa wao, kwa wembe.

Nikiulizwa kosa moja kubwa la Asur ni lipi nataja hili, sio Mfarakano. Mfarakano walikuwa na Malekith wa kumlaumu. Hapa walikuwa na jibu zuri mkononi, kulipa tu, na hela walikuwa nazo.

Kwa nini wakuu wa Caledor wanaitwa Wakuu wa Majoka na wanapanda farasi?

Kwa sababu majoka wamelala. Zamani milima ya Caledor ilikuwa inawaka na anga limejaa majoka. Volkano zikaanza kupoa, majoka wakaingia usingizini, na sasa kuamsha mmoja ni kazi ya nyimbo ndefu na hakuna uhakika ataamka. Jina limebaki, helmeti za umbo la joka zimebaki, farasi wamevalishwa vizuri. Kama kuna picha moja ya kupungua kwa Asur ni hiyo.

Hakuna aliyejaribu kurekebisha?

Wapo. Bel-Hathor alimtuma Finubar kuzunguka Dunia ya Kale, na Finubar akarudi anasema wanadamu sio wale washenzi mnaowadhani, wanajenga miji juu ya magofu yetu. Alipokuwa mfalme akaufungua mji wa Lothern kwa wafanyabiashara wa kigeni na pesa ikaingia. Teclis naye na vile vyuo (angalia sehemu ya uchawi) alikuwa anafanya jambo hilohilo, kutafuta wa kushika upande wa pili wa mzigo. Ila hao ni wachache, wengi wa wakuu bado wanaamini mgeni mahali pake ni bandarini.

## Ya kubishana

Laana ya damu ya Aenarion ni nini?

Aliyechomoa Upanga wa Khaine hakuuweka chini akiwa yuleyule. Baada ya Astarielle alimuoa Morathi, akakaa Nagarythe kwenye ngome ya Anlec, huko ndo alizaliwa Malekith, na baraza lake likawa mahali pa watu wenye macho makali. Wanasema uzao wake wote unaisikia sauti ya upanga. Wale watoto wa Astarielle kumbe hawakufa, mti mzee unaotembea aitwaye Oakheart aliwaficha, na kwa kijana mmojawapo, Morelion, ndo wanatokea mapacha Tyrion na Teclis. Tyrion ni shujaa wa kila mtu, mzuri wa sura, na ndo anayeisikia sauti zaidi.

Tethlis alikufaje?

Mfalme Tethlis alikuwa mkatili kwa Druchii kupita mfalme yeyote, aliwafukuza mpaka akakikomboa Kisiwa cha Giza. Akaenda kuuona Upanga wa Khaine. Hakurudi. Wanasema muuaji wa Druchii alimvizia. Minong'ono inasema alinyoosha mkono kuushika, na walinzi wake mwenyewe, Simba Weupe wa Chrace, wakamuua kabla hajauchomoa. Naegemea minong'ono. Muuaji wa Druchii kumfikia mfalme aliyezungukwa na hao jamaa, pale, siku ile, inahitaji bahati nyingi mno.

SPOILA: Ni kweli Malekith ndo alikuwa mfalme halali?

Kwa stori ya mwisho wa ulimwengu ule, iliyotoka 2014 na 2015, ndio, na mashabiki wa Asur hawajapoa mpaka leo.

Stori ya zamani ilikuwa rahisi: Malekith alimpa Bel Shanaar sumu, akaingia kwenye Moto wa Asuryan kudai kiti cha baba yake, moto ukamkataa ukamuunguza, tangu hapo anaishi ndani ya deraya iliyochomelewa kwenye ngozi. Stori mpya ikasema moto haukumkataa, ulikuwa unamjaribu kama ulivyomchoma baba yake, yeye alitoka mapema kwa maumivu. Na wafalme wote baada ya Aenarion walipita wakiwa wamezungushiwa uchawi wa kujikinga, yaani walikuwa wanaigiza.

Wengine wanasema hii imeharibu kila kitu. Mimi naona inakaa. Watu waliofika mahali pa kuingia mbele ya mungu wao wakiwa wamevaa kinga, alafu wakashangaa mungu hawajibu, ndo haohao walionyoa mabalozi. Ila halali na anayefaa ni vitu viwili, Malekith kuwa halali hakufanyi Mfarakano uwe kosa la wengine.

SPOILA: Kwa hiyo waliisha kabisa?

Ulthuan ilizama. Teclis alikifumua Kimbunga ili pepo zifungwe ndani ya watu maalumu wawe silaha dhidi ya Chaos, Tyrion akauchomoa upanga, maelfi wakauana wenyewe kwa wenyewe, na dunia ikaharibika hata hivyo. Mwaka 2015 ikaja Age of Sigmar, huko Teclis na Tyrion wamekuwa miungu, na 2020 yakatoka majeshi ya Lumineth ambao ndo kama warithi wa Asur. Ukitaka Asur wenyewe wakiwa hai kuna The Old World, gemu la mezani lililotoka 2024, limerudi nyuma karne kadhaa kabla ya mwisho, Ulthuan bado ipo juu ya maji.

Nimecheza Total War na Asur wangu wameteka nusu ya dunia, mbona mnasema wanapungua?

Kwenye Total War: Warhammer II, gemu la kompyuta la 2017, Kimbunga ndo kiini cha kampeni na wamekipa uzito wake, lakini gemu la kuteka ramani lazima likupe askari kila zamu, lisipokupa hutacheza. Kwenye lore, yaani stori za ulimwengu wenyewe, yule askari wa mkuki wa levo ya chini unayemtuma mbele afe ili wapiga upinde wapate muda, sio askari wa mshahara. Ni raia. Huko Ulthuan raia ana wajibu wa kushika mkuki vita vikija, na huyo wako anaweza kuwa fundi wa vinanda mwenye miaka mia mbili aliyekuwa katikati ya kutengeneza kinanda kimoja. Mimi tangu nijue hilo nacheza vibaya sana, nawarudisha nyuma mapema, nakosa ushindi, na upande wa kushoto wa jeshi langu kila mara unavunjika.